Yaliyotukuta tulipokusanya vitu vya polisi wa zamani

Tangu chumba chetu cha kumbukumbu za polisi kifunguliwe huku Usambara, simu haziishi. Wengi wanaonipigia ni wastaafu wenzangu wa wilaya nyingine waliosikia habari zetu na wao wakataka kuwa nacho. Swali la kwanza huwa pesa, la pili ni kabati za vioo tulitengenezea wapi. Nawajibu yote mawili, lakini kabati si tatizo. Kabati fundi anakumalizia ndani ya wiki. Kilichotutoa jasho ni watu: mama aliyekuja na kofia ya baba yake, ndugu zake waliofuata kuidai, na mzee mmoja aliyesimama mbele ya karatasi ukutani akatuuliza kwa nini tumemficha baba yake. Naandika haya ili atakayenipigia tena nimwambie asome kwanza, ndipo tuongee.

Mimi ni WP, yaani askari polisi wa kike, mstaafu; nilimaliza utumishi nikiwa stafu sajenti. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa stoo ya vielelezo: mapanga, simu za wizi, magunia ya bangi, baiskeli zisizo na mwenyewe. Si kazi ya kupigiwa saluti. Lakini ukiishi na PGO 229, yaani agizo la jeshi la polisi kuhusu vielelezo, miaka yote hiyo, jambo moja linakuingia na halikutoki: kitu kisicho na karatasi hakina thamani. Nani alikishika, lini, akamkabidhi nani, na saini iko wapi. Mahakamani panga likikosa maelezo ya siku moja tu, wakili wa utetezi analikalia hapo hapo, na kesi nzima inaweza kuporomoka. Makumbusho nayo ni hivyo hivyo, ila anayekuhoji si wakili, ni mjukuu wa mwenye kitu.

Kituo chetu kilihamia jengo jipya, la zamani likabaki na kaunta yake ya mbao, lokapu moja, na dari iliyojaa popo. Ilipangwa pawe stoo ya matairi. Wazee wa mji wakaomba wapewe, na hoja yao hata mimi sikuwahi kuifikiria nikiwa kazini: jeshi la polisi la Tanganyika lilipoanzishwa mwaka 1919, makao makuu yake ya kwanza hayakuwa Dar es Salaam, yalikuwa Lushoto. Mjerumani alipaita Wilhelmstal, na Mwingereza alipomtoa Mjerumani akaanza kutawalia huku kwenye baridi. Polisi na magereza vilikuwa chini ya idara moja hadi mwaka 1931. Basi wazee wakasema, kama historia ya jeshi ilianzia milimani, matairi yatafutiwe pengine. Wakapewa jengo. Iliundwa kamati ya wastaafu wanne, mwalimu wa historia wa sekondari na mwenyekiti wa mtaa, na mimi nikatiwa humo kwa sababu, walisema, najua kuandika rejista.

Tangazo tulilipeleka msikitini, kanisani na gulioni. Tulitegemea vitu vichache. Ndani ya mwezi kaunta ilikuwa haionekani: mikanda ya ngozi iliyopasuka, filimbi zilizochongwa J. Hudson & Co., Birmingham, pingu nzito za Hiatt ambazo ufunguo wake ulikwisha potea, sweta za sufu, virungu, taa za karabai, picha za gwaride, barua za kupandishwa cheo, na nishani zilizofungwa kwenye leso. Na hapo ndipo makosa yalipoanza, maana kila mtu alitaka kusaidia.

Kijana mmoja wa kujitolea, mwenye moyo safi kabisa, alichukua nishani tatu jioni akazirudisha asubuhi zinang'aa. Alizisugua kwa Brasso. Kila mtu akampongeza. Mimi nikachukua kioo cha kukuzia, kwa sababu nishani ile ya utumishi mrefu na mwenendo mwema wa polisi wa makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya aliyetumikia miaka 18, huwa imechongwa ukingoni: namba ya askari, cheo, jina na jeshi alilotumikia. Herufi ni ndogo, zimezunguka ukingo, na bila kuigeuza kwenye mwanga huzioni. Mbili zilisomeka. Ya tatu ilikuwa tayari imesuguliwa na wenyewe nyumbani kila sikukuu kwa miaka, na usuguaji wa usiku ule ulimalizia kazi. Imebaki namba mbili za mwisho na kipande cha herufi ambayo inaweza kuwa M au N. Askari yule, kwa upande wa nishani yake, hana jina tena. Kwa hiyo nishani isisuguliwe. Uweusi wa fedha hauiumizi. Ifutwe vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ishikwe pembeni kwa glavu, ukingo upigwe picha kabla ya jambo lolote jingine.

Na msichanganye nishani. Wengi wa askari wetu wa miaka ya 1950 walikuwa wamepigana kwanza Burma wakiwa ndani ya KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika, kisha wakaingia polisi. Nyota ya Burma na nyota nyingine za Vita Kuu ya Pili zilitolewa na Waingereza bila jina. Familia ikileta nyota tupu na kusema ni ya babu, huna ukingo wa kukuthibitishia. Unategemea neno lao na picha kama ipo. Kwenye maelezo tuliandika hivyo hivyo: "Familia inasema." Kuna mstaafu aliona tunawadharau watu kwa kuandika hivyo. Kwangu mimi ni adabu ya rejista. Ninachokijua nakiandika kuwa nakijua, nilichoambiwa nakiandika kuwa nimeambiwa.

Kwa beji kuna msaada mdogo. Tazama taji lililo juu yake. Likiwa na matao yaliyoinuka mviringo, kwa kawaida ni la enzi za wafalme, hadi 1952. Matao yakiwa yamebonyea katikati, ni la Malkia Elizabeth, kuanzia 1953. Taji lisipokuwepo kabisa, mara nyingi umeshavuka Uhuru. Mwalimu wetu wa historia aliwafundisha wanafunzi wake njia hiyo, na sasa watoto wa kidato cha pili wanawasahihisha wastaafu kuhusu vifungo vya koti zao wenyewe.

Karatasi na picha ndizo zilizotuumiza zaidi. Mjumbe mwenzetu alikusanya picha kumi na kitu za gwaride akazipeleka steshenari kupigwa laminesheni "zisichakae." Joto la ile mashine linaivisha picha pamoja na plastiki, na haitoki tena. Mbili zilipata malengelenge usoni mwa watu. Selotepu nayo usiiguse: inakauka, inaacha doa la kahawia, na gundi yake inakula karatasi. Maelezo ya nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini, si kalamu, na si kwa kukandamiza. Sisi tunazitia kwenye bahasha za karatasi isiyo na rangi, kila moja peke yake. Karatasi maalumu za makumbusho zinauzwa mbali na ni ghali, kwa hiyo nguo tunazifunga kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili tatu hadi dawa ya kiwandani ikaisha. Kinapatikana dukani kwa muuza vitambaa yeyote, na kazi kinafanya.

Sasa ile kofia. Mama mmoja alituletea tarbushi ya baba yake, ya sufu nzito, kishungi bado kipo. Alikuwa ameihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na kanga za mama yake. Nilipoigeuza ndani, kwenye mshono wa jasho, nikaona vijifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele vimejishika kwenye uzi, na pembeni yake sufu imelika. Viwavi wa nondo. Ningeiweka kabatini na zile sweta, tungepoteza zote. Dawa ya kupuliza hatukuitaka, inaacha rangi. Nilimpigia mhifadhi mmoja wa makumbusho ninayemfahamu, akaniambia neno moja: friza. Kofia inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, hewa inakamuliwa, inakaa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usiifungue siku hiyo hiyo. Iache ndani ya mfuko wake hadi ifikie joto la chumba, ule unyevu uishie nje ya plastiki. Friza yenye baridi hiyo mjini kwetu ilikuwa ya mama anayeuza samaki kutoka Tanga. Tulimlipa kwa kona moja, tukafunga mifuko miwili kwa ajili ya harufu, na kila mteja aliyekuja kununua kibua akaambiwa kwamba pale chini kuna kofia ya serikali.

Huku milimani adui mwingine ni unyevu. Masika ukungu unaingia hadi kwenye droo, na mkanda wa ngozi unaota manyoya meupe kwa siku chache. Usiupake mafuta wala Kiwi. Upeleke kivulini penye upepo, uvae barakoa, upanguse kwa brashi laini, kisha utafute kwa nini mahali pale pana unyevu. Kwetu ilikuwa kabati limebanwa ukutani. Tulilivuta mbele kwa upana wa kiganja, tukatia ndani vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na dirisha la upande wa jua tukalishonea pazia. Kabati zenyewe, kwa wanaouliza, ni za aluminiamu na kioo, na moja ilitutoka karibu laki saba pamoja na kufuli. Pesa nyingine ilikwenda kwenye nauli, rangi, na chai. Msidharau chai. Wastaafu hawakai kwenye kikao bila chai.

Kuhusu silaha nitasema kwa kifupi, na msinibishie. Babu mmoja alimtuma mjukuu wake aje na kopo la tumbaku, mtoto akalifungua mbele ya watu: risasi za bunduki ya 303, tano, zimeota kutu ya kijani. Alikuja nazo kwa bodaboda. Risasi ya zamani hiyo haijui kwamba ni ya makumbusho. Tuliwatoa watu nje, tukapiga simu kituoni, akaja mtu wa ghala la silaha. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha au risasi haikai kwako kwa sababu tu ni ya zamani au ya marehemu. Ukiikuta nyumbani usiibebe, usiisafishe; toa taarifa, aje mwenye kazi yake. Serikali mara kadhaa imetangaza vipindi vya watu kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, vitumieni. Sisi bunduki hatuna. Tumetundika picha ya askari akiwa nayo, na hakuna mgeni aliyelalamika.

Nirudi kwa mwenye tarbushi, maana friza haikumaliza habari yake. Wiki chache baada ya kuipokea walikuja kaka zake wawili kutoka Korogwe, wamenuna. Dada yao hakuwaambia. "Afande, ile ni mali ya ukoo, si ya mtu mmoja," akasema mkubwa wao. Alikuwa na haki. Fomu yetu ilikuwa na saini moja. Tuliirudisha kofia siku ile ile, na nakiri roho iliniuma kuiona inatoka mlangoni kwenye mfuko wa rambo. Baada ya hapo tukatunga utaratibu ambao Mtanzania yeyote aliyefuatilia mirathi anaujua: kitu cha marehemu hakipokelewi bila muhtasari wa kikao cha familia, wenye majina na saini, na muhuri wa serikali ya mtaa. Na fomu inasema wazi kama ni zawadi au ni azima, na kama ni azima, inarudi lini. Walilalamika kwamba tunawasumbua. Lakini familia ile ya kofia ilikaa kikao, na kofia ikarudi, safari hii kwa azima ya miaka mitano, na kaka mkubwa ndiye anayeleta wageni kuiangalia.

Jambo zito kuliko yote lilitoka darini. Mafundi waliokuwa wakifukuza popo walishusha rejista ya mahabusu ya miaka ya 1950, jalada gumu, kurasa zimeng'atwa pembeni. Nilikaa nayo usiku kucha. Nilitegemea wezi. Wezi walikuwemo, lakini ukurasa baada ya ukurasa safu ya kosa ilisema kutolipa kodi, kupika pombe, na tena na tena, kutolima matuta. Kijana wa leo hajui. Mwingereza alianza mpango wake wa kuhifadhi udongo Mlalo mwaka 1946, baadaye ukasambazwa Usambara nzima: kila kaya ichimbe matuta kwenye mteremko, asiyechimba atozwe faini au afungwe. Watu walihukumiwa na mabaraza ya wenyeji, lakini baadhi walilala kwenye lokapu yetu wakisubiri kupelekwa. Mpango ulikufa kabla ya Uhuru, watu wakiwa wamekwisha uchukia na TANU wakiwa wameupata mtaji wao. Bibi yangu alikuwa akituonyesha bega lake la kulia na kusema hili ni la matuta. Nimevaa gwanda la polisi maisha yangu yote, na usiku ule, na ile rejista mapajani, sikujua nikae upande gani wa kaunta.

Rejista yenyewe hatukubaki nayo. Ni kumbukumbu ya serikali, na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 haitaki daftari kama lile liozee kwenye chumba cha mtaa. Tulifuata taratibu za kuikabidhi, tukabakiwa na nakala za kurasa chache. Ndipo tukagombana: majina yaonekane au yafichwe? Nilisisitiza yafichwe. Wajukuu wa watu wale wako sokoni kila siku, na hapa mtu akisikia "jina lake liko polisi" hasubiri kuuliza kosa. Tukayaziba kwa vipande vya karatasi, kikabaki kijiji, tarehe na kosa.

Siku ya pili ya ufunguzi akaja mzee na bakora yake, akasoma taratibu kwa kidole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu wa mstari wa nne ni baba yangu. Mmemziba kwa nini?"

Nikamweleza, kwa heshima, kwamba tulitaka kuwasitiri.

"Kumsitiri nini? Baba hakuiba. Alikataa jembe lao. Mwandike jina."

Sikuwa na jibu. Kamati ilikaa tena na chai yake, tukakubaliana: jina linabaki limezibwa hadi familia ije na muhtasari wake kuomba lifunuliwe. Ukija leo utaona ukurasa huo una majina sita wazi na mengine yamezibwa. Wageni wanatumia muda mwingi hapo kuliko kwenye nishani zote.

Ugomvi wa mwisho ulikuwa wa kiboko. Familia moja ilileta kiboko cha ngozi, wanasema cha enzi ya Mjerumani, zama za hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Nilitaka kikae kwenye kabati moja na nishani, kimo kimoja. Mkaguzi mmoja mstaafu, mtu niliyefanya naye kazi na kumheshimu, alisimama: "Hii ni makumbusho ya polisi au ya kuwashitaki polisi?" Nikamjibu kwamba kila kifaa kilichomo humu kina watu wawili, aliyekishika na aliyeshikwa nacho, na sisi tumekusanya vitu vya yule wa kwanza tu kwa sababu ndiye aliyekuwa na sanduku la kuhifadhia. Pingu hazikuletwa na waliofungwa. Kura zilipigwa, kiboko kikaingia kabatini, naye hajakanyaga chumbani tangu siku hiyo. Tunasalimiana misibani. Hasara hiyo hakuna fomu ya kuiandika, lakini mnaoanza mjue kwamba ipo.

Kitu kimoja tulikikataa bila kura. Mtu alipendekeza tuombe panga la mauaji fulani yaliyotikisa mji, "litavuta watu." Kielelezo cha kesi kinaamuliwa na mahakama, huo ni upande wa sheria. Upande mwingine ni kwamba mama wa marehemu anauza nyanya hatua mia kutoka mlangoni kwetu.

Kabati la nne bado ni tupu. Tumeliacha kwa ajili ya WP wa wilaya hii, maana katika mafurushi yote yaliyoletwa hakuna sketi hata moja, wala picha yenye mwanamke mbele. Wako nyuma, kando ya sufuria siku ya sherehe. Najua wapo waliotumikia kabla yangu. Mwenye picha, beji, barua ya ajira au sketi ya mama yake, aje nayo pamoja na muhtasari wa kikao. Na tafadhali, asiipitishe steshenari kwenye laminesheni.